Kofia ya Mgeni na Kikaango cha Mama Minza

Jamani, mmenichosha. Kila nikikaa kwenye kahawa mmoja ananidaka: "Mzee Athumani, ni kweli ulikwenda Geita na Wachina?" Kwanza si Wachina. Ni Wamongolia, na ukimwita Mmongolia Mchina utamwona rangi yake. Pili, kila mmoja wenu nilimsimulia kipande, mkaenda kuviunga vipande wenyewe, mpaka juzi nimesikia eti nilipigana na balozi. Sikupigana na mtu. Nimeandika yote hapa kwa mara moja. Mkimaliza kusoma, niacheni ninywe kahawa yangu kwa amani.

Ngokolo: simu iliyonikuta na brashi mkononi

Nilikuwa napaka rangi geti. Simu ikapigwa na dada mmoja anaitwa Rehema, afisa itifaki kutoka serikalini. Akasema mkalimani wao ameugua ghafla, wamekwama na wageni, na wameambiwa Ngokolo hapa Shinyanga kuna mzee anajua Kirusi.

Nikamwambia ukweli. Ndiyo, ujanani nilipelekwa huko kusomea ufundi wa mitambo ya migodi, nikala kabichi miaka mitano. Lakini tangu nirudi, Kirusi changu nimekitumia kutukania mashine tu. Akasema, "Mzee wangu, kitatosha." Wageni walikuwa ujumbe kutoka Mongolia, na kiongozi wao, Bwana Ganbold, alisoma kwa Kirusi kama mimi.

Mke wangu, Mama Zuhura, alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe? Ukikasirika hata Kiswahili chako hakieleweki!"

Nilitaka kukataa. Kisha Rehema akataja wanakokwenda: kwenye kikundi cha wanawake wachenjuaji dhahabu, mbele ya Nyarugusu, mwenyekiti wake Mama Minza. Nikaweka brashi chini.

Mama Minza ni mjane wa Lufunga, rafiki yangu niliyefanya naye kazi mgodi wa almasi wa Mwadui miaka na miaka. Lufunga alipoacha kazi alihamia Geita kuchimba, akafia huko, mkewe akabaki na kazi ya kuchenjua. Nao uchenjuaji wao mnaujua: mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchanga unakandwa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha lile donge linachomwa kwenye kikaango, moshi unakuja usoni. Mama Minza amefanya hivyo tangu binti yake Minza ana miaka saba. Siku hizi mikono yake inatetemeka. Ukimpa kikombe cha chai, unamjazia nusu. Na Minza, ambaye sasa ni mama mwenyewe, ameshaanza kushika zebaki.

Hawa Wamongolia kwao walikuwa na wachimbaji wadogo wa namna hiyohiyo, wakajifunza kuchenjua kwa meza za kutikisa mchanga mpaka dhahabu ijitenge, bila zebaki. Walitaka kujenga kituo kimoja nchini kwetu, mashine na walimu juu yao, na sisi tufungue milango ya kuwauzia mchele, kahawa na ngozi. Kituo kimoja tu. Maeneo yaliyopendekezwa yalikuwa mawili: kwa Mama Minza, na kwingine mkoa wa mbali huko kusini ambako walikuwa wameshapita na wamepapenda. Bwana Ganbold ndiye angeamua. Basi mnaelewa kwa nini geti langu mpaka leo lina rangi nusu.

Shinyanga hadi Mwadui: kiti cha kofia

Niliwakuta hotelini. Bwana Ganbold ni mtu mfupi, mpana, mwenye uso usiosema kitu. Kichwani kofia ya manyoya na ngozi, katika jua hili la Shinyanga! Msaidizi wake, Bi Saruul, msichana mchangamfu, yeye anaongea Kiingereza na kila mtu. Dereva wetu alikuwa Masanja, Msukuma wa Maswa, anayeamini kwamba gari lisilopigiwa honi halijui njia.

Rehema alinikabidhi karatasi. Juu kabisa imeandikwa: kuimarisha uhusiano wa kidiplomasia na kiuchumi baina ya nchi hizi mbili. Akasema hilo ndilo la muhimu, nisilikosee. Basi kila ofisi tuliyoingia mtu alisimama akalisema, nami nikalitafsiri. Kufika ofisi ya tatu nilikuwa nalisema kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Nikiri jambo moja hapa, maana litarudi: hotuba ndefu nilikuwa nazipunguza. Mheshimiwa akiongea dakika kumi, mimi namwambia Bwana Ganbold, "Anasema karibu sana, na amefurahi." Bwana Ganbold alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho.

Alitaka kupaona Mwadui kwa sababu nilimwambia nimeacha ujana wangu pale. Tulizunguka tu kwa nje, nikamwonyesha nyumba niliyokaa, na ukuta ambapo mimi na Lufunga tulikuwa tunasubiri basi la kazini. Nikauegemea ule ukuta. Naye akaja akauegemea kando yangu. Hapo nikaanza kumpenda.

Kimbembe kilikuja kwenye chakula. Tulikaa kwa mama ntilie, Bwana Ganbold akaiweka kofia yake juu ya kiti cha peke yake. Masanja akaja na sahani, akaona kiti kinakaliwa na kofia, akaishika na kuitua chini sakafuni, akakaa. Mgeni alibadilika uso. Aliinuka, akaiokota kwa mikono miwili, akaipangusa, akaiweka juu ya friji ya soda. Bi Saruul akatueleza polepole: kwao kofia ya mtu ni mtu mwenyewe. Haiwekwi chini, haivaliwi na mwingine, haichezewi. Na hii ilikuwa ya marehemu baba yake.

Masanja aliomba radhi mpaka ugali ukapoa. Kilichotuokoa ni maziwa mgando. Mama ntilie aliyaleta kwenye kibuyu, mgeni akaonja, akafumba macho, akanyoosha bakuli tena. Akala na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, bakuli zima. Akaniambia kwa Kirusi, "Haya maziwa yanafanana na ya nyumbani." Ulikuwa mwezi wa pili hajanywa maziwa yaliyoganda vizuri.

Tinde: tulisimamishwa na ng'ombe

Tulipaswa kufika Kahama kabla ya saa nane. Baada ya Tinde tukakutana na ng'ombe wamejaa barabara nzima, mamia, wanakwenda kunywa maji wala hawana haraka. Masanja akapiga honi. Rehema akatazama saa. Bwana Ganbold akafungua mlango akashuka.

Alipotea katikati ya pembe. Tukamfuata, Rehema na viatu vyake vya ofisini, maskini, anaruka samadi. Tulimkuta amesimama na mzee mchungaji, anapapasa mbavu za dume moja. Maongezi yao yalipita kwa mimi na Masanja: Kirusi kwangu, Kiswahili kwa Masanja, Kisukuma kwa mzee, kisha yanarudi.

"Mwulize, mifugo imenona mwaka huu?"

Masanja akalishusha hilo kwa Kisukuma. Yule mzee akasimama wima. Wageni wote waliowahi kumsimamisha walimwuliza ana ng'ombe wangapi, na hilo Msukuma hakujibu hata umfunge kamba. Hakuna aliyemwuliza kama wamenona. Kumbe kwa Wamongolia hiyo ndiyo salamu, kabla ya "hujambo".

"Wamenona, wabeja," alishukuru mzee. "Na wake?"

"Wangu walikufa wengi kwa theluji."

Theluji Masanja hakujua aiite nini kwa Kisukuma, akasema mvua ngumu. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama aliyepewa taarifa ya msiba wa jirani. Tulichelewa saa nzima na nusu. Rehema alikuwa karibu kulia, mimi nilikuwa nacheka.

Kahama: chai ya chumvi, na kosa langu

Kahama tulilala. Asubuhi Bi Saruul akaagiza chai ya maziwa na chumvi. Mhudumu akaleta chai, sukari na mayai mawili. Akaagiza tena. Mhudumu akaleta mayai mengine, maana kwa akili yake chumvi ya nini kama si ya mayai? Mwishowe Bi Saruul alienda jikoni mwenyewe. Wapishi wote wakajipanga kumwangalia akitia chumvi kwenye chai, mmoja akasema, "Masikini, hajui." Nilionja. Wallahi, ni mchuzi usio na nyama. Lakini kikombe nilikimaliza, sijakuzwa ovyo.

Nikiwa bado na ladha hiyo mdomoni, Mama Minza akanipigia.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba, Mama Minza. Tunakuja."

"Shemeji, nimeshindwa kulala. Mimi mwanamke wa machimboni, nitasema nini mbele ya wakubwa? Wakiniona mikono hii watafikiri mlevi. Nikiharibu, nimewaharibia wenzangu wote. Na Minza je?"

Sauti yake ilinichoma. Nilitaka tu kumwondolea hofu, basi nikasema, "Usiogope. Hawa ni wafugaji kama nyie, wanakunywa maziwa, wanapenda ng'ombe kuliko watu. Hao ni watani zako kabisa!"

"Watani?"

"Watani!"

Akacheka. Nikakata simu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mimi, mtoto wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua, niliyezaliwa katikati ya utani, nilisahau kwamba hilo ni neno zito, halirushwi tu kwa kufurahisha mtu.

Nyarugusu: kofia

Barabara ya kwenda Geita ilikuwa na vumbi jekundu, tukafika kama matofali mabichi. Wanawake walikuwa wamejipanga kwa vitenge vya sare. Vigelegele, ngoma, watoto juu ya marundo ya mawe. Nyuma yao turubai za maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, karasha linaunguruma, na jiko la mawe lenye kikaango cheusi juu yake.

Bwana Ganbold alisimama mbele kwa heshima zote. Rehema alikuwa na hotuba mkononi. Mama Minza akatoka kwenye mstari, mdogo wa mwili, amekonda kuliko nilivyomwacha. Akapiga goti kidogo kama wafanyavyo, akainuka, akamwangalia mgeni juu mpaka chini. Halafu akanyoosha mkono, akainyakua ile kofia kichwani kwake, akaivaa yeye!

"Ng'ombe wetu mliotuibia wako wapi?" alipaza sauti. "Mmekuja mikono mitupu? Kofia hii siitoi mpaka ng'ombe warudi!"

Wanawake wakalipuka kwa kicheko. Walikuwa wanasubiri jibu, maana mtani akichokozwa hujibu kwa tusi tamu zaidi. Upande wetu hakuna aliyecheka. Bi Saruul alikuwa ameziba mdomo. Masanja alikuwa anaangalia mbinguni. Rehema akaninong'oneza, "Mzee, tumekwisha."

Bwana Ganbold alibaki kichwa wazi juani, nywele zimelala kwa jasho. Hakuipora kofia. Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nimemkosea nini huyu mama?"

Ndugu zangu, Kirusi chote kilinitoka. Nilitafuta neno la utani, sikulipata, na nadhani hawana. Basi nikasema kama mtoto, kipande kwa kipande. Nikamwambia, kosa ni langu. Zamani makabila yetu yalipigana na kuibiana mifugo. Wakachoka kuzikana, wakawekeana ahadi: kuanzia leo tutaibiana kwa mchezo tu. Mtani wako anaweza kuchukua kitu chako mbele ya watu, na wewe ni mwiko kukasirika. Anaweza kukutukana kwenye harusi yako. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kukuzika na kuwachekesha watoto wako wanaolia. Nikamwambia, huyu mama hajakudharau. Nilimwambia mnafanana, akaamini, akakuchagua.

Kisha nikamgeukia Mama Minza. "Shemeji, hiyo kofia ni ya baba yake aliyekufa. Kwao haivaliwi na mtu mwingine. Hawajui utani."

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Mama Minza alishika kichwa. "Mungu wangu, shemeji, nimefanya nini?" Akaivua kwa mikono miwili amrudishie, lakini hofu ilikuwa imemzidi, mikono ikatetemeka kuliko nilivyowahi kuiona, kofia ikaanza kumponyoka kuelekea chini kwenye tope la mwalo wa kuchenjulia. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, Bwana Ganbold alikuwa ameidaka. Si kofia tu. Alikuwa ameishika mikono ya Mama Minza na kofia ikiwa ndani yake, na hakuiachia. Mikono yake mipana ilikuwa inatikiswa na ile mikono myembamba.

"Mwulize ameshika zebaki muda gani."

Nikauliza. "Tangu huyu ana miaka saba," Mama Minza akasema, akimwonyesha Minza aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Mdogo wangu alikuwa na mikono hii," alisema Bwana Ganbold. "Naijua."

Nilitafsiri vilevile alivyosema: alikuwa. Mama Minza akamtazama usoni, akasema, "Pole, baba." Nikatafsiri na hilo.

Bwana Ganbold akavaa kofia yake, akaiweka sawa. Karasha mtu alikuwa amelizima. Akaniuliza, "Mtani akinyang'anywa, naye anaruhusiwa kunyang'anya?"

"Si ruhusa," nikamjibu. "Ni wajibu."

Akawapita wote kwa mwendo wake wa polepole mpaka jikoni, akakinyanyua kile kikaango, akakibana kwapani pamoja na masizi yake, suti ya watu! Akatangaza kwa Kirusi, nami nikapaza kwa Kiswahili: "Ng'ombe wenu tuliwala wote! Walikuwa wamekonda, hata supu haikunoga! Na hiki nakichukua, sikirudishi ng'o!"

Sijasikia vigelegele vile tangu harusi ya Zuhura. Mama Minza alimkimbilia, analia na kucheka pamoja. "Mwizi wee! Sasa mimi nitachomea nini?"

Bwana Ganbold akajibu kwa neno moja, nami nikalifikisha.

"Usichomee."

Hotuba ya Rehema haikusomwa. Tulikula wali na kuku wa kienyeji na maziwa mgando tena, na mgeni akatukanwa mpaka jioni, kila tusi nikimpelekea na yeye akirudisha. Tulipokuwa tunapanda gari, Mama Minza alikuja dirishani akasema maneno marefu: "Mwambie mtani haachwi njiani. Nikifa aje kunizika. Na asikawie, maana sioni kama nina muda mrefu." Nilishindwa kuyasema hayo. Nikamwambia Bwana Ganbold, "Anakutakia safari njema."

Daraja la Busisi na uwanja wa ndege

Tulivuka ziwa kwa daraja la Busisi, kofia na kikaango vimekaa pamoja juu ya dashibodi, Masanja anaendesha taratibu kama amebeba bibi harusi. Kikaango nilikuwa nimekifunga kwa mifuko mitatu, maana sumu ni sumu.

Uwanjani Mwanza mkaguzi alikifungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaangalia kikaango, akaangalia suti, akaangalia mimi. "Mzee, hiki ni nini?"

"Ni uhusiano wa kidiplomasia na kiuchumi," nikasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kulitafsiri lile fungu la maneno, nilijua maana yake. Kijana alicheka, akaita wenzake watatu waje kuona, tukachelewa tena, lakini kiliwekwa kwenye mzigo.

Wakati wa kuagana Bwana Ganbold alinishika bega. "Athumani, yule mama dirishani alisema maneno mengi. Wewe ulisema machache. Wewe huwa unapunguza."

Niliona aibu, mtu mzima. Nikamwambia yote. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Ngokolo tena

Niliporudi, Mama Minza alikuwa akinipigia kila baada ya siku mbili. Minza alitaka kununua kikaango kingine, mama akakataa. "Mtani wangu kanikataza." Mchanga wao wenye dhahabu ulilala kwenye magunia, wenzake wengine wakanung'unika. Niliogopa. Nilijiona mimi ndiye niliyemtia kwenye mtego ule kwa mdomo wangu.

Jumatatu iliyopita Rehema akapiga simu. Kituo kitajengwa kwa Mama Minza. Mashine zinakuja, na walimu, na Minza ni miongoni mwa wa kwanza kufundishwa.

Nilimpigia. Akaangua kilio. Nikalia na mimi, mjue, wala sioni haya. Alipotulia akasema, "Shemeji, mwandikie. Mwambie kikaango akitupe mbali, mikono yangu itulie isitulie, ya Minza imepona kabla haijaugua. Mwambie ng'ombe wetu bado tunawataka. Na lile la kunizika liko palepale."

Safari hii nilimwandikia neno kwa neno, sikupunguza hata moja. Jibu lilikuja siku ya pili, nami nikamsomea Mama Minza kwenye simu: "Ng'ombe tuliwala, nimeshasema. Na mimi ni mkubwa kwa umri. Nikifa mimi, aje yeye."

Alicheka mpaka akakohoa. Jana amenipigia tena, amenituma niulize Mongolia kuna baridi kiasi gani, na kama mtu anaweza kwenda na kitenge.